Nilinunua gari Juba yenye usukani wa kushoto, Uganda ikaikataa: yaliyonikuta mpakani Oraba

Wakuu, habari za mahangaiko.

Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Atakayeona chumvi humu anitafute Koboko, nitamwonyesha hiyo gari kwa kidole. Iko ng'ambo ya daraja la mpakani, lakini inaonekana.

Mimi ni mama wa mikate. Nina bekari ndogo hapa Koboko, tanuri la kuni, wafanyakazi wachache. Kazi hii nilijifunza Dar, Temeke, nilikokaa miaka kadhaa kabla ya kurudi kwetu. Humu ndani nilijiunga wakati huo. Kiswahili changu kikiyumba mnisamehe. Baba alikuwa askari, nyumbani tulizungumza kile cha kambini, halafu Dar wakaninyoosha kidogo.

Kwa wasiojua, Koboko ni kule juu kabisa kaskazini magharibi mwa Uganda. Ukiteremka kusini unafika Arua, ndiyo mji wetu mkubwa. Ukipanda kidogo unafika Oraba, mpaka wa Sudan Kusini, unavuka daraja unaingia Kaya. Kongo nayo iko hapo hapo ubavuni. Sisi Wakakwa tumekaa nchi zote tatu, lugha moja.

Sasa shida yangu ilikuwa usafiri.

Mikate ya Arua nilikuwa naipeleka kwa basi, ya vijijini kwa boda. Mvua ikinyesha njiani, mkate unafika umekuwa uji. Wenye maduka wanarudisha. Nilianza kuota Hiace, yenye kreti zangu ndani, mlango unafungwa, mvua inyeshe itakavyo.

Basi tukaenda Juba, mimi na mume wangu Kenyi, kwenye harusi ya binamu yake. Kenyi ni mwalimu, ni mtu wa Sudan Kusini, alikuja huku mkimbizi tukaoana. Tukiwa Juba tukapita showroom moja ya magari yanayotoka Dubai.

Nikaiona.

Nyeupe, paa la juu, ndani safi. Nyuma ina maandishi ya Kiarabu. Nilisoma madrasa utotoni, nikaanza kuunga herufi moja moja mpaka ikatoka: "Maziwa freshi kila asubuhi." Nikajua hii gari inajua kazi ya kusambaza chakula tangu kabla sijaiwaza. Msinicheke, mimi nilishapenda.

Usukani ulikuwa kushoto. Niliona, siyo kwamba sikuona. Mwenye showroom, mzee mpole tu, aliniambia wazi: "Mama, hapa kwetu magari iko hivi. Kwenu Uganda mimi sijui. Uliza kwanza."

Nikauliza. Nilimpigia ajenti mmoja wa Arua anayetoa magari forodhani, nikamtumia na picha. Akasema, "Mama, leta gari. Mambo ya usukani niachie mimi."

Hayo ndiyo maneno yaliyonimaliza.

Tukalipa. Ilikuwa akiba yangu na ya Kenyi yote, hatukubakiza. Sisi tukarudi kwa basi, dereva wa showroom akaileta gari kwa njia ya Yei mpaka Kaya, akatukabidhi ufunguo akaenda zake.

Kule Oraba nikamkuta afisa wa forodha, dada mmoja mstaarabu. Akavuka nami kuitazama, akazunguka, akachungulia dirisha la dereva.

"Mama, hii ni ya biashara au ya matembezi?"

"Ya biashara. Nataka kuweka namba za Uganda."

"Haitawezekana. Gari ya usukani wa kushoto hatuandikishi. Ikitaka kuingia kama mgeni, siku chache, tunaandika karatasi, inaingia, inatoka. Lakini kukaa huku, hapana."

Nikampigia ajenti. Simu ya kwanza akasema yuko kwenye kikao. Ya pili hakushika. Nikapanda basi mpaka Arua, nikamkuta ofisini anakunywa chai. Hakukimbia, hilo nampa. Akasema mtu aliyekuwa anamtegemea kahamishwa na mambo yamekazwa. Nikamuuliza, kwa hiyo ulikuwa unategemea mtu, siyo sheria? Akafungua droo ya hela.

Alinirudishia ada niliyokuwa nimemtumia, akatoa na pole. Pole haiendeshi gari.

Nikiwa hapo hapo Arua nikapita gereji kuulizia kama usukani unaweza kuhamishwa. Fundi akasema anaweza kukata na kuchomelea, ila yeye mwenyewe hatapanda hiyo gari baada ya kumaliza. Nikashukuru nikaondoka.

Nikarudi Koboko nimechoka kabisa, wakuu. Nilipofika nilipitiliza kwenye tanuri, nikakaa kwenye gogo. Sikutaka kuingia ndani Kenyi aone uso wangu.

Hapo sasa lazima niwaambie kuhusu shemeji yangu, Wani.

Wani ni kaka mkubwa wa Kenyi. Kabla ya vita kwao alikuwa dereva wa lori la mbao, Yei mpaka Kaya, watu wote wa barabara ile walimjua. Siku waliyokimbia, lori aliliacha barabarani karibu na Morobo, akatembea kwa miguu na mke wake na watoto mpaka huku. Tangu hapo anaishi kwenye kiwanja chetu, kazi yake kunipasulia kuni za tanuri.

Mtu mkimya. Watu walishampa kazi ya udereva hapa Koboko zaidi ya mara moja. Anakataa. Anasema, "Huku barabara iko upande ingine." Maana Uganda tunaendesha kushoto, kwao wanaendesha kulia. Mimi nilichukulia ni kisingizio. Nilijua sababu ni nyingine, sikumuuliza. Wakianza kuzungumzia habari za nyumbani, yeye anachukua shoka anakwenda kwenye kuni.

Na mpaka hajawahi kuvuka kurudi. Hata siku moja. Wenzake wanakwenda Kaya sokoni asubuhi wanarudi mchana, yeye hapana.

(Umeme ulikata, nimerudi. Naona wengine mmeshaanza kunipa pole huko chini. Subirini kwanza.)

Gari ikawa imekaa Kaya kwenye uwanja wa jamaa mmoja tunayefahamiana. Tukaamua tuiuze. Kongo usukani wa kushoto ni kawaida, tukapata mnunuzi kutoka Aru, ule mji wa Kongo, akasema atakuja kuitazama.

Siku hiyo Kenyi alikuwa na mitihani shuleni. Nilihitaji mtu wa kuwasha gari, mnunuzi asikie injini. Mimi siwezi kuendesha. Nikamwendea Wani pale kwenye kuni, nikamwambia, shemeji, nisaidie leo tu, uwashe na kuzima, basi.

Akamalizia gogo alilokuwa analipasua. Halafu akaweka shoka chini, akaenda kunawa, akavaa shati lake la kanisani.

Darajani nilitembea pembeni yake. Katikati ya daraja alisimama, akashika chuma cha pembeni. Nikadhani anarudi. Akaachia, tukaendelea.

Mnunuzi alikuwa ameshafika. Mtu wa maneno matamu.

"Mama, hii gari iko muzuri. Lakini bei yako haiko ya mutu anataka kuuza leo."

Akataja yake. Ilikuwa matusi, wakuu, lakini nilikuwa nimefika mahali pa kukubali matusi.

Wani alikuwa ameshaingia. Nilimwona anasogeza kiti nyuma, anarekebisha vioo, kimoja kimoja, anapangusa vumbi kwenye usukani kwa kiganja. Akawasha. Akakaa anasikiliza ile injini kama mtu anayesikiliza mgonjwa anapumua. Halafu akatoa gari nje ya uwanja, akashika barabara, akaenda mpaka ilipokata kona.

Mnunuzi akaniuliza, "Huyu anaenda wapi na gari?"

Nikasema sijui. Na kweli sikujua.

Akarudi baada ya kitambo, akaegesha taratibu. Akateremka, akamsalimu mnunuzi kwa heshima, halafu akanigeukia.

"Shemeji, usiuze."

"Nisiuze nifanye nini nayo?"

"Hii gari haina makosa. Iko kwa barabara yake. Ni sisi tunataka kuipeleka kwa barabara ya watu wengine."

"Na nani ataiendesha?"

"Mimi."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwetu."

Mimi nilishindwa kujizuia. Nilijifunika uso kwa kanga pale pale mbele ya mnunuzi, yule bwana akawa hajui aangalie wapi. Mwishoni akasema, "Mama, nimeelewa. Mutu wako amepata kazi." Tukamlipia nauli ya kurudi.

Nyumbani Kenyi hakuamini. Akaniuliza mara mbili, Wani amevuka? Kaka yangu Wani? Halafu akasema njia ile haijatulia sawasawa, tusimtume mtu kwenye hatari kwa sababu ya mikate. Alikuwa na haki. Wani ndiye aliyemjibu: ataulizia kwa madereva wenzake kila asubuhi, wakisema usiende, haendi.

Gari tukaiandikisha Sudan Kusini kwa jina la Kenyi, maana ni raia wa kule. Tukafuata taratibu zote, bila kumtegemea mtu.

Safari ya kwanza tulipeleka mikate kwa boda mpaka Oraba, tukavusha kreti kwa mkokoteni, tukapakia upande wa Kaya. Wani akaenda Morobo. Mimi nikabaki Oraba kwa mama mmoja anayeuza chai. Simu yake haipatikani. Nikanywa chai mpaka yule mama akakataa kuniongeza, akasema, "Dada, kaa tu. Atakuja."

Jua likiwa linaelekea kushuka nikamwona anavuka daraja kwa miguu, kreti tupu kichwani.

"Imeisha?"

"Imeisha kabla sijazima gari. Watu walisoma yale maandishi ya nyuma, wakanikasirikia. Wanauliza maziwa iko wapi."

Na akacheka. Wakuu, watoto wake walikuwa hawajawahi kumsikia akicheka hivyo. Mke wake aliniambia baadaye.

Kumbe kule watu wanarudi, wanajenga, wanafungua maduka, na hakuna bekari ya karibu. Mimi nilikuwa nakodolea macho Arua, soko lingine linanisubiri ng'ambo ya daraja.

Sasa hivi anakwenda mara mbili kwa wiki. Akishusha mikate anarudi na abiria, au karanga, au asali. Kuna siku madereva wanasema usiende, hatuendi, na mikate ya siku hiyo tunaiuza bei ya kutupa. Tairi za njia ile zinaisha haraka. Na mikate ya Arua bado inapanda basi, bado mvua inanila. Siwadanganyi kwamba nimeshatoboa.

Lakini nimeongeza tanuri la pili. Na kuni sasa napasuliwa na mtu mwingine.

Juzi nilikwenda naye kwa mara ya kwanza. Nikazunguka kwa mazoea yetu ya Uganda, nikafungua mlango wa kushoto, nikamkuta amekaa. Akaniuliza, "Shemeji, leo unaendesha wewe?" Nikaenda upande wa kulia nimeona aibu. Njia nzima kila ng'ombe akitokea mbele nakanyaga sakafu.

"Toa mguu," akasema. "Breki iko kwangu."

Kabla ya kufika Morobo akapunguza mwendo, akasimama. Akanionyesha kwa kidevu mahali penye majani marefu.

"Hapa ndiyo niliacha lori."

Hapakuwa na kitu. Hata chuma. Nikasubiri nione uso wake.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama anauza mihogo ya kuchoma, ana kibanda kipya, nyasi za paa bado za njano. Akamwona, akainua mkono.

"Wani, leo umeleta mingapi? Jana watoto walilala bila mkate."

Wani akazima injini, akashuka kumhudumia.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Ukitaka kununua gari nchi nyingine, nenda kwanza mpakani ukamuulize afisa mwenyewe, ana kwa ana, kabla hujatoa hela. Ajenti anayesema "niachie mimi" usimwachie. Na ukishakosea, usikimbilie kuuza kwa bei ya kilio. Tazama kwanza waliokaa nyumbani kwako, pengine gari imekuja kwa ajili ya mmoja wao na wewe ulikuwa msafirishaji tu.

Waliowahi kuingiza gari wakakwama mpakani, leteni yenu tusikie. Na kama kuna anayejua maziwa ya kuuza kwa jumla upande wa Koboko au Arua, aseme hapa. Wateja wa Morobo hawajaacha kuuliza.