Kata Hadi Mkono Upite

Mtaani wanamwita Bi Futi kwa sababu utepe wa kupimia haumtoki shingoni, hata akienda msibani. Mimi namwita shangazi, na nasema mapema kwamba nampenda, kwa hiyo msitegemee nimseme vibaya. Ila kichwa chake ni kigumu. Ameshona sare, mapazia na magauni ya harusi, na hajawahi kumruhusu mtu mwingine achukue vipimo vya nguo atakayoishona yeye.

Mumewe, mjomba wangu, alikuwa dereva wa lori. Siku hizo akishavaa kofia alisema neno moja tu, "Natoka," na huyo, keshakwenda. Lori likaja kupinduka, miguu ikapooza, akaletewa kiti cha magurudumu. Nyumba waliyopanga ilikuwa na ngazi mlangoni, basi neno likageuka: "Nitoe." Shangazi aliacha cherehani akamtoa. Mjomba alichukia kulisema. Kuna siku alikaa akiutazama mlango mpaka jua likazama, ilimradi asiombe. Shangazi aliniambia ukimya ule ulimuuma kuliko ajali yenyewe.

Ndipo akaamua kujenga. "Nataka nyumba ambayo mume wangu atatoka bila kuniomba," alisema. "Mengine yote ni mapambo."

Somo alikuwa amelipata kwa dada yake, ambaye paa lake lilivuja mvua ya kwanza tu. Mchoraji alisema ramani haina kosa, muulizeni mjenzi. Mjenzi akasema yeye amefuata ramani. Wakatupiana mpira huku ndoo zikijaa sebuleni.

"Mimi napima, nakata na kushona mwenyewe," shangazi akasema. "Ikibana, mteja anajua wa kumgombeza. Na nyumba yangu iwe hivyo hivyo."

Akawapata ndugu wawili, dada na kaka, wenye kikundi chao cha mafundi. Dada ndiye mchora ramani. Tulimwita Mama Penseli, kwa kuwa penseli yake inaishi kwenye nywele. Kaka ndiye mwashi mkuu, mtu wa maneno machache na miluzi mingi. Anachochora dada, kaka anakijenga, na wote wawili wako pale pale kwenye mchanga na kokoto, wakila sahani moja na kubishana tangu asubuhi. Mwanzoni nilidhani watapigana. Kumbe ndivyo wanavyofanya kazi.

Kasheshe ikaja kwenye vipimo. Mama Penseli alitaka kumpima mjomba pamoja na kiti chake. Shangazi akakataa katakata.

"Mume wangu nampima mwenyewe."

Na kwa kuwa mjomba hapendi kiti chake kizungumzwe, shangazi alimvizia akiwa amesinzia baada ya chakula, mikono mapajani. Akapima gurudumu hadi gurudumu, akaongeza kidogo cha mshono, akapeleka vipimo. Mama Penseli aliguna, lakini akachora.

Kuta zilipofika urefu wa milango tukampeleka mjomba akaone. Alikuwa amevaa ile kofia yake ya safari. Akasema tusimguse, akasukuma magurudumu mwenyewe hadi mlango wa mbele. Kiti kilipita, mikono ikakwama. Vidole vilichunika kwenye tofali pande zote mbili. Akajaribu tena, taratibu, kisha akavua kofia akaiweka mapajani.

"Nirudishe nyumbani," akasema.

Shangazi aliushika utepe shingoni kana kwamba unamnyonga. "Nilimpima amelala," alisema kwa sauti ndogo. "Nimemkatia nguo ya mtu asiyenyanyua mkono." Sikuwa nimewahi kumwona akilia mbele ya mafundi, na siku hiyo nilimwona.

Nilingoja lawama zianze. Badala yake miluzi ya mwashi ikakoma, akamtazama dada yake, naye akachomoa penseli.

"Mzee, kabla hujarudi, hebu sukuma tena. Hapa nje, palipo wazi. Nataka kuona viwiko."

Mjomba akasita, akasukuma. Mama Penseli akamfuata ameinama, akitia alama mchangani pale viwiko vilipofika. Halafu akaenda mlangoni, akachora mstari kwenye tofali lenyewe.

"Ni huu tu?" kaka akauliza.

"Na wa bafu, na wa jikoni. Linta hujamwaga?"

"Bado." Linta ni ile zege inayopita juu ya milango, ikishamwagwa, kupanua mlango ni vita.

"Basi leo leo." Akamgeukia shangazi. "Bi Futi, mlango wa bafu ukipanuka, ukuta wake unasogea, na chumba chako cha kushonea kinapungua. Ile meza kubwa ya kukatia haitaingia."

Meza ile shangazi ameitamani tangu alipokuwa akijifunza kushona. Alifuta macho kwa ncha ya utepe.

"Kata," akasema. "Kata hadi mkono upite."

Mwashi akachukua nyundo na tindo, miluzi ikarudi. Mjomba naye hakutaka tena kurudishwa nyumbani. Alikaa pale akiwaelekeza, "lete, lete, hapo hapo," kana kwamba wanarudisha lori nyuma, mpaka mwashi akamwomba apumzike kidogo.

Walipohamia, shangazi alitandaza vitambaa vyake kwenye meza ya chakula, na hadi leo ukila kwake angalia pini. Asubuhi ya kwanza nilikuwa nikimsaidia kupinda pindo la gauni tukasikia magurudumu yakija kutoka chumbani. Mjomba alikuwa na kofia kichwani.

"Natoka," akasema.

Mguu wa shangazi ukasimama kwenye cherehani. Miaka yote ile alijua mumewe anakoelekea, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimsukuma. Akakunja uso kama mke yeyote.

"Unakwenda wapi?"

"Nje," akasema mjomba, na mikono yake ikapita mlangoni bila kugusa ukuta.