Kikombe Chini ya Kitanda

Fidélie Ilunga alivuka Ziwa Mweru kutoka Kongo mwaka 2017, akapitia kambi ya Kenani, Zambia, pamoja na wakimbizi wenzake. Baadaye alifyatua matofali mabichi kwa mikono yake, akajenga nyumba ya vyumba viwili Nchelenge, hatua sitini kutoka majini. Hana nyingine.

Nilimkuta akimfanyia kazi Mutale, mtafiti wa wadudu watambaao. Mutale alipanga mistari mitatu sambamba na ufuko: wa kwanza hatua ishirini kutoka ziwani, wa pili arobaini, wa tatu nyuma ya jiko la Fidélie. Kila mstari una vikombe kumi vya plastiki, vimezikwa hadi mdomo ulingane na udongo; ukichomoza kidogo tu, buibui na mende huuzunguka. Ndani mna maji kidogo ya sabuni, juu kipande cha bati cha kukinga mvua.

Jumatatu vikombe vya mstari wa kwanza vilikuwa vimechomoza vyote, vingine vimelala ubavu. Fidélie alijilaumu, akavizika upya, akakanyaga udongo kwa kisigino. Jumanne vilikuwa juu tena. Mvua haikunyesha wiki nzima. Alitia mkono shimoni, akagusa maji baridi.

Jirani yake Davies, mvuvi, alikuwa akikung'uta wavu.

“Mama Fidélie, leo umekamata nyama gani? Utatupikia madudu?”

“Cheka tu. Maji inapanda chini ya udongo.”

“Miye nilizaliwa hapa. Ziwa haiyafika kwa nyumba zetu hata siku moya!”

“Haipite juu, Davies. Njo maana hauione.”

Jumatano mstari wa pili uliinuka. Mutale, aliyekuwa mjini Mansa, alimwambia kwa simu aandike tarehe na asiguse kitu. Fidélie aliandika. Kisha akachukua kikombe kimoja cha akiba, akasogeza kitanda, akakizika sakafuni kwa kanuni ileile.

Alhamisi asubuhi kikombe kilikuwa kimepanda upana wa kidole, kimeinamia mlangoni. Alibonyeza tofali la chini ukutani. Alama ya kidole chake ikabaki.

Daftarini aliandika: “Mvua hakuna. Wadudu hakuna. Kikombe juu.” Halafu akapanda kwenye paa, akaanza kung'oa mabati ayaokoe kabla kuta hazijaanguka.

Davies alikuja akicheka. Fidélie akamwonyesha chumba.

Davies alitoka. Hatua chache mbele akageuka, akaomba jembe na kikombe kimoja akazike kwake.