Siku Mama Alipoingia Uwanjani

Miaka ya sabini, nilipokuwa Uingereza nikisomea uuguzi, kila Jumamosi niliamka nikiwaza timu ambayo wenzangu wa bwenini hawakuwahi hata kuisikia. Ilikuwa timu ya wafanyakazi wa reli, Voi. Baba aliichezea tangu alipohamishwa kutoka magharibi mwa Kenya kuja kufanya kazi stesheni, na alipofariki Mama akairithi kama watu wanavyorithi shamba. Mama ni mtu wa Mwanda, kijiji cha milimani karibu na Voi, mtu wa kanisa, mwenyekiti wa akina mama, lakini jezi alizifua yeye, na wachezaji walikula kwake kabla ya mechi.

Kwa kuwa kuandika kulimchosha, alinitumia kaseti. Alikaa mezani na rekoda akanisimulia mpira wote, nani kakosa bao la wazi, nani kachezewa rafu, kuku wakilia nyuma yake. Mwaka wangu wa pili sauti yake ikaanza kuchangamka. Timu ilikuwa inaongoza ligi ya mkoa. Ikishinda mechi ya mwisho, dhidi ya timu moja ya Mombasa, ingepanda daraja.

"Mwanangu, omba," alisema. "Sisi huku tumeshaanza kufunga na kusali."

Nami siku ya mechi sikula kitu. Niliwatandikia wagonjwa vitanda nikiitazama saa ya ukutani.

Kaseti iliyofuata ilichelewa. Nilipoipata niliisikiliza nimesimama, koti bado mwilini. Mama alizungumzia mvua. Akazungumzia mahindi, ndovu walioingia shamba la jirani, harusi ya binamu. Upande wa pili ukaisha bila neno hata moja la mpira. Nikajua tumeshindwa. Nilidhani ni hilo tu.

Krismasi, Wakenya wachache tuliokuwa mji ule tulialikwa pilau kwa familia moja. Alikuwepo kijana aliyefika juzijuzi kutoka Mombasa, mcheshi sana, na baada ya chakula akaanza kutusimulia mechi aliyoifuata Voi.

"Refa katupatia penalti dakika za mwisho," alisema. "Mpira umewekwa, kila mtu kimya. Mara namwona mama mmoja mnene, kitambaa cha kanisa kichwani, anaingia uwanjani na mwavuli. Refa akadhani anakatiza njia tu! Alimtwanga, jamani, mpaka mwavuli ukabaki vyuma."

Watu walicheka wakashika mbavu. Mimi pia nilianza kucheka. Kisha akaiga sauti ya yule mama: "Marehemu mume wangu hakuichezea timu hii ili nyinyi mje mtuibie!" Nikaacha kucheka.

"Ikawaje?" mwenye nyumba akauliza.

"Mashabiki wao wote wakamfuata. Mechi ikavunjika, Voi wakanyang'anywa pointi, tukapanda sisi. Na wewe dada, si nasikia unatoka Voi? Huyo mama humjui?"

Uso uliniwaka moto. "Ni mama yangu," nikasema.

Mtu aliweka sahani chini polepole. Mke wa mwenye nyumba akaanza kumimina chai kwenye vikombe vilivyokuwa bado vimejaa. Nilimwonea Mama aibu, tena mbele ya watu wasiomjua, watu ambao hawakuwahi kuonja chakula chake, na kwa ajili hiyo nikajionea aibu mwenyewe zaidi. Nilikimbilia jikoni nikajifanya naosha vyombo. Yule kijana akanifuata.

"Dada, nisamehe. Ningejua nisingefungua mdomo."

"Niambie kitu kimoja. Ilikuwa penalti kweli?"

Akainamisha kichwa. "Ilikuwa penalti, dada. Beki wenu aliudaka mpira kama kipa."

Hapo ndipo nilipolia. Kama refa angekuwa mwizi, ningekuwa na la kumtetea Mama.

Nilimrekodia kaseti nikamwambia nimesikia. Jibu lake lilikuwa fupi.

"Nilitaka angalau wewe usijue," alisema. "Huku hakuna nisiyemwonea haya. Vijana hawajaniambia neno baya hata moja, na hilo ndilo linaloniumiza. Uenyekiti nimeurudisha. Uwanjani siendi tena."

Niliporudi nyumbani, masomo yameisha, timu ilikuwa daraja lile lile, na baadhi ya wachezaji wa mwaka ule walikuwa wamehamishiwa stesheni nyingine. Mama aliendelea kufua jezi, ila alizianika nyuma ya nyumba, na siku za mechi alifunga madirisha. Jumamosi moja nikamshika mkono.

"Mama, twende."

"Watu watasema."

"Wameshasema, Mama."

Alibadilisha nguo mara mbili kabla ya kukubali kutoka. Tulisimama mbali na umati, karibu na ua wa mkonge. Mzee mmoja wa reli alikuja kutusalimia, akamwita Mama kwa jina la heshima alilozoea kumwita zamani, akarudi kwa wenzake. Hakuna aliyecheka. Timu yetu ilipofunga bao, watu wote waliruka, na Mama akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, machozi yakimtoka, sauti asiitoe.

Mimi niliyemtoa nyumbani nilijikuta nashukuru kwamba ananyamaza, watu wasigeuke kututazama. Nikageukia upande wa pili asinione uso.