Shavu au Paji la Uso

Baba mdogo wangu, mume wa mama mdogo, huosha magari ya kampuni inayowapeleka watu wa mjini milimani na ziwani mwishoni mwa wiki. Mimi napokea simu katika ofisi ya kampuni hiyohiyo, na dirisha langu linatazama uwanja wake wa kuoshea. Ninayosimulia nimeyaona, sikuhadithiwa.

Gari likirudi, haulizi limetoka wapi. Huchuchumaa penye tairi, akachokoa udongo kwa kidole, akakwambia. Mwekundu unaoganda ni wa maporomoko, mweusi wenye mchanga ni wa ziwani. Dereva mmoja alidai kakwama kwenye matope ya ziwa. Baba mdogo akachungulia chini ya gari, akamuuliza, "Ziwa gani hilo lenye manyoya ya kuku?" Kumbe bwana alikuwa ametoka kwa wakwe zake. Tangu siku hiyo madereva wanamwamkia kwa adabu zote.

Hata vioo huvisoma. "Abiria aliyelala huacha alama ya shavu," alinifundisha. "Anayetazama njia huacha ya paji la uso. Wengi ni shavu, mwanangu. Wametoka mbali kote huko, halafu wanalala."

Aliyasema hayo kwa uchungu, maana yeye mwenyewe hajawahi kuvuka mzunguko wa mwisho wa mji. Kinyozi hajinyoi. Jumapili jioni magari yote hurudi machafu na muoshaji ni yeye peke yake. Siku yake ya kupumzika ni Jumanne, siku ambayo hakuna gari linalokwenda popote, na kule juu basi halifiki.

Miaka ishirini na miwili alimwahidi mama mdogo kwamba watayaona maporomoko pamoja. Nyumba yao ilijaa "siku tukienda". Siku tukienda utavaa vile viatu vya kahawia. Siku tukienda tutabeba chai kwenye chupa. Nilikuwa nawacheka, Mungu anisamehe. Mwaka huu magoti ya mama mdogo yakaanza kugoma, na kushuka hadi kwenye maji kuna ngazi zaidi ya mia. Daktari alisema mwakani ngazi asizifikirie kabisa.

Ndipo Ijumaa moja abiria wa safari ya Jumapili akapiga simu kuahirisha. Nilimwomba meneja kile kiti, akakubali. Kiti kimoja tu.

"Nenda wewe," baba mdogo akamwambia mkewe.

"Peke yangu? Tulisema pamoja."

"Tulisema kabla magoti hayajasema. Nenda, bibie. Ukifika penye udongo mwekundu fungua kioo, unuse."

Alikwenda, na viatu vya kahawia, na chai kwenye chupa. Jumapili ile baba mdogo aliosha ndoo zilizokuwa safi, akafagia uwanja mara tatu, akaniuliza saa hadi nikachoka. Sijawahi kumwona mtu akitamani kiasi kile, na bado akipiga mluzi.

Gari likarudi saa kumi na moja jioni. Mama mdogo akashuka taratibu, ameshika mlango.

"Enhe?" baba mdogo akauliza.

"Kawaida tu. Maji yanaanguka, basi. Kama ni maji kuanguka, mbona hata bomba letu linavuja? Njia ndefu, nimelala karibu safari nzima."

"Si nilijua," akasema baba mdogo, akacheka kidogo. Mama mdogo akaenda kukaa kwenye benchi la getini, kumsubiri amalize waende nyumbani. Mimi nilikasirika. Kiti nimekihangaikia, na mtu kalala!

Baba mdogo akaanza kazi, na mimi nikatoka kumsaidia na ndoo. Alipofika kwenye kiti cha mkewe akainua kizulia cha chini. Kilikuwa kimelowa, kina mchanga laini na alama ya unyayo usio na kiatu. Kisha akatazama kioo. Kilikuwa na alama za mafuta ya nywele, moja juu ya nyingine, na alama za vidole vitano pembeni. Hapakuwa na shavu hata moja. Lilikuwa paji la uso, kuanzia mwanzo wa safari hadi mwisho.

Akakikunja kitambaa chake akakiweka begani.

"Bibie," akaita. "Njoo kidogo."

Mama mdogo akaja. Alipoona wapi mumewe anatazama, akainamisha kichwa. Kwao nani asiyejua somo la vioo?

"Sikutaka uumie," akasema.

"Kuumia nimeshaumia, miaka ishirini na miwili. Usininyime na masimulizi ya maporomoko. Ingia, uniambie. Anzia kona ya kwanza."

Wakaingia. Alimpisha mumewe kwenye kiti chake cha dirishani, yeye akakaa pembeni yake. Baba mdogo akaegemeza paji la uso kwenye kioo, akitazama ukuta wa uwanja na lile bomba la maji, na mama mdogo akaanza kusimulia. Sikusikia yote. Nilisikia "hapo tukapinda", nikasikia "ukungu ukafunguka", kisha nikasikia mama mdogo analia, na baba mdogo akisema, "Endelea." Nikarudi ofisini, maana na mimi machozi yalikuwa yameshaniponyoka.

Jumatatu asubuhi niliwahi kabla ya meneja. Gari zima lilikuwa linang'aa isipokuwa kioo kile. Nikachukua kitambaa nikifute, nisije nikamsababishia mzee matatizo. Nikaziona alama: zile za mama mdogo, chini kidogo, na nyingine moja kubwa, juu yake.

Nikakirudisha kitambaa kwenye ndoo. Gari likatoka saa mbili na abiria waliolikodi, kwenda maporomoko, na kioo kimoja kichafu.