Mashine Isiyopakwa Rangi

Alute alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa akiangalia chini. Ndiyo maana watu wa Unyambwa walishangaa kidogo waliposikia kwamba ndiye kiongozi wa kikundi cha karakana. Hakuchaguliwa kwa ufasaha. Kikundi kilikuwa cha watu watatu. Wawili walikataa uongozi, mmoja akisema yeye ni fundi wala si mtu wa vikao, mwingine akisema mdomo wake ungewagombanisha na kata nzima. Akabaki yeye.

Yule wa kwanza alikuwa mzee Laurian, mzaliwa wa Kinampanda aliyeoa Unyambwa na kuhamia huko siku nyingi. Alikuwa rafiki wa marehemu baba yake Alute, na ndiye aliyemfundisha Alute kuchomelea chuma tangu ujana. Alute alimwita baba. Wa pili alikuwa Dina, mdogo wa mke wa Laurian, fundi wa injini aliyejifunzia kazi kwenye mashine ya kusaga. Riziki yao ilikuwa milango na madirisha, mpaka walipopata wazo la kutengeneza mashine ya kupura alizeti.

Wazo lilitoka kwa akina mama wa hapo hapo, waliolima kwa pamoja chini ya Mama Elizabeti. Kila mavuno walitandika turubai, wakaketi kuzunguka rundo la vichwa vya alizeti na kupiga kwa fimbo mpaka mabega yakawauma. Waliomba mashine. Laurian alijifungia nayo karakanani msimu mzima, akaitoa ikiwa imekamilika, imepakwa rangi ya kijani, inang'aa. Akina mama waliipigia vigelegele.

"Imependeza, baba," walisema. "Mungu akuzidishie."

Alute alipopita kwao siku chache baadaye, alisikia fimbo kabla hajaona watu. Mashine ilikuwa pembeni, kuku wamelala juu yake.

Hakumwambia Laurian alichokiona. Angeanzaje? Lakini Laurian naye hakuwa kipofu, na msimu uliofuata hakuitaja mashine hiyo. Ni Mama Elizabeti aliyekuja mwenyewe karakanani.

"Tutajaribu tena, kwa kuwa ninyi ni watu wetu," alimwambia Alute. "Ila alizeti ikishakauka yote, kama haifai, tutakodi mashine ya yule mfanyabiashara wa mjini. Tumechoka na fimbo."

Alute alielewa uzito wa maneno hayo. Kaka yake Dina alikuwa na mashine ya kusaga kule Mitundu na alikuwa akimwita dada yake kila mara. Kazi hii ikishindikana, Dina angeondoka, Laurian angerudi kwenye madirisha yake, na kikundi kingebaki jina tu. Alute hakutaka jambo jingine mwaka ule ila hilo lisitokee.

Alikuwa amewahi kuitwa kwenye semina ya mafundi mjini. Mengi ya huko yalimpita, lakini moja lilibaki kichwani: usisubiri kitu kiishe ndipo umwonyeshe mwenye kukitumia. Mpe kikiwa kibovu, aseme, rekebisha kidogo, mpe tena. Akalifanya hilo sheria. Walianza mashine mpya, na kila Jumamosi waliipakia ilivyo kwenye mkokoteni wa punda, chuma kitupu kisicho na rangi, wakaipeleka uwanjani kwa Mama Elizabeti kupura vichwa vya shamba la bondeni, vilivyotangulia kukauka. Na kila asubuhi, kabla mtu hajagusa chombo, watatu hao walisimama mlangoni, kila mmoja akasema anafanya nini leo na amekwama wapi. Walisimama kwa sababu wakikaa chai inakuja, na chai ikija maongezi yanahamia kwenye siasa.

Laurian alinung'unika. "Kuonyesha chuma kisichopakwa rangi ni kama kutoka nje bila shati."

Lakini alikubali.

Utaratibu ulikuwa mzuri, ila haukuzaa kitu. Asubuhi Alute aliamkia, "Shikamoo baba," akajibiwa marahaba, akauliza, "Umekwama wapi?" Laurian akajibu, "Sijakwama." Jumamosi akina mama walitazama mashine ikinguruma, wakasema, "Nzuri, baba, nzuri tu." Mzee amejitahidi, tena kwa jasho, nani angemwambia usoni kwamba kazi yake ina kasoro? Alute aliona mwenyewe kwamba kuku walikuwa wakikimbilia rundo la makapi na kula kwa furaha. Kuku hali makapi. Punje zilikuwa zikipotea humo. Aliona, akanyamaza, na Jumamosi nyingine ikapita hivyo hivyo.

Dina ndiye aliyeuvunja ukimya, wala hakukusudia. Alikuwa amechuchumaa kwenye injini, akainua macho na kuwaona kuku.

"Shemeji," alisema, "hii mashine umetutengenezea sisi au umewatengenezea kuku? Maana wao ndio wanaoshiba."

Uwanja mzima ukacheka. Laurian akacheka pia.

"Kuku wa Unyambwa wana akili kuliko wenyewe," alijibu. "Wanajua kazi ya mtu wa Kinampanda."

Jumatatu Alute alipofika karakanani alimkuta Laurian ameshafungua chekecheke na anaziba matundu makubwa. Hakuna aliyemwagiza.

Alute alilifikiria jambo hilo siku nzima. Mtani wa mtu anaweza kumwambia lolote, na aambiwaye haruhusiwi kununa. Shemeji ni mtani. Na Laurian alioa hapo hapo. Nusu ya wale akina mama walikuwa wakimwita mke wake dada. Walikuwa mashemeji zake wote, ila mbele ya mashine walimwona fundi wakasahau. Alimweleza Dina, naye hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Jumamosi iliyofuata Dina alisimama juu ya mkokoteni. "Jamani, huyu si fundi leo. Ni yule aliyemchukua dada yetu. Msemeni."

Wakamsema. Mmoja alimwuliza kama mdomo wa mashine ameuweka juu hivyo kwa ajili ya twiga. Mwingine, mwenye mtoto mgongoni, alisema kelele zake zimemfundisha mwanawe kulia kwa sauti ya injini. Laurian aliwajibu mmoja mmoja, akicheka mpaka akafuta macho, na wiki ile alikata miguu ya mashine aliyoichomelea kwa mikono yake, akaifupisha. Kila Jumamosi mashine ilirudi ikiwa tofauti kidogo, na kila Jumamosi fimbo zilipungua. Asubuhi mlangoni, Laurian alianza kusema alipokwama.

Hapo ndipo Alute alipokosea. Kicheko kilikuwa kimemzoesha. Alizeti ilikuwa imekaribia kukauka yote, na kasoro iliyobaki ilikuwa feni, iliyoshindwa kupeperusha makapi. Asubuhi moja, wote watatu wamesimama mlangoni, aliinua uso na kusema, "Baba, feni hii haiwezi kumfukuza hata nzi kwenye uji."

Hakuna aliyecheka. Dina aliangalia pembeni. Laurian aliweka nyundo juu ya meza taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, akaenda nyumbani.

Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa. Mama Elizabeti alituma neno kwamba vichwa vyote sasa vimekauka, na Jumamosi hiyo ndiyo ya kuamua.

Alute alijaribu kuirekebisha feni mwenyewe. Aliikunja vibaya, akaiacha. Kisha alimwomba Dina amsindikize, kwa maana aliona aibu kwenda peke yake.

Walimkuta Laurian nyuma ya nyumba akinoa jembe ambalo halikuhitaji kunolewa. Alute alichutama, akamwamkia. Aliitikiwa, kwa sauti ya chini.

"Baba, nimevuka mpaka," alisema. "Nilikusema kama mtani wako na mimi ni mtoto wako. Naomba unisamehe."

Laurian aliendelea kunoa. "Uliyoyasema yalikuwa kweli?"

"Yalikuwa kweli, baba."

"Nilijua hata kabla hujasema. Feni ni dhaifu." Aligeuza jembe upande wa pili. "Ila maneno yale hayakuwa ya kwako. Wewe ukiona kasoro, njoo uniambie taratibu, tukiwa wawili. Nitakusikia. Ya kuchekesha waachie wenyewe."

"Ndiyo, baba."

"Basi mwambie mwenyewe ayaseme."

Dina alikuwa ameegemea ukuta. Alisafisha koo kama mtu anayetaka kuhutubia. "Shemeji, feni yako haiwezi kumfukuza hata nzi kwenye uji."

"Uji ukiwa umepika wewe," alijibu Laurian, "nzi hausogelei."

Aliweka jembe chini, akacheka peke yake kidogo, akaingia ndani kuchukua kofia.

Walifanya kazi siku ile na iliyofuata. Laurian alitengeneza mapanga mapana zaidi ya feni, na Dina alibadilisha puli, gurudumu la mkanda wa injini, ili feni izunguke kwa kasi. Alute alishika chuma pale alipoambiwa ashike. Mara moja, wakiwa wawili, alisema taratibu kwamba panga moja limepinda. Laurian alilitazama, akalinyoosha.

Jumamosi mashine iliteremshwa uwanjani, imejaa madoa ya moto na alama za chaki, sura yake mbaya kuliko Jumamosi zote. Dina aliwasha injini. Makapi yaliruka upande mmoja, punje zikashuka kwenye turubai upande wa pili. Kuku walikimbilia makapi kama kawaida yao, wakachakura, wakachakura tena, kisha wakaanza kuondoka.

Mama Elizabeti aliwatazama kuku mpaka wa mwisho akapotea nyuma ya nyumba.

"Msiirudishe karakanani," alimwambia Alute. "Iacheni hapa, tunaanza kupura leo."

"Haijapakwa rangi," alisema Laurian.

"Shemeji," alisema yule mwenye mtoto mgongoni, "hata wewe hukupakwa, na dada alikuchukua hivyo hivyo."

Alute alicheka, akiangalia chini.