Swali Mbele ya Baba Mukwe

Mwaka wa 1999, nikiwa na miaka thelathini na tano, vita ilinifukuza Djugu na watoto wangu na sufuria moja. Bwana yangu alibaki kule, alishazikwa. Masomo nilikuwa niliachia primaire ya tatu. Nikateremuka Kasenyi, kando ya ziwa, kuuzisha samaki, na luga za watu nilizijulia kule kwa kubishana bei: Kilendu, Kihema, Kialuru, Lingala. Kifaransa nilikisikiliza tu mpaka kikaingia. Hakuna mutu alinifundisha.

Kisha hopitali moja ya hapa Bunia ikanichukua nitafsirie wagonjwa wa kambi ya wakimbizi: dawa gani, inamezwa namna gani, inakataza nini. Sharti ilikuwa moja: "Mama, rudisha maneno tu. Usiongeze, usipunguze."

Siku moja akaingia mwanamuke kijana mwenye kifafa, pamoja na baba mukwe wake. Bwana yake alikuwa kwenye machimbo. Munganga, mugeni kutoka Kinshasa, alitaka kumupa dawa fulani, akaniambia nimuulize kama iko na mimba, maana ile dawa inaharibu mutoto tumboni.

Kwetu, bibi ya mutu hasemi mambo ya tumbo lake mbele ya baba mukwe. Hata usoni hamuangalii. Nikamuambia munganga: "Muzee atoke kwanza."

"Mama, uliza tu."

Nikauliza. Yule mwanamuke akainamisha kichwa. Muzee ndiye akajibu: "Hana. Mimi niko naye nyumbani, ningejua."

"Ungejulia wapi, muzee? Weye ndiye unamufulia nguo?"

"Mama, hauna heshima."

"Heshima yako nitakupatia kule inje."

Munganga aliona muzee anatikisa kichwa, alikuwa ameshaanza kuandika ile dawa. Hapo damu ikanipanda. Nikashika muzee kwa mukono wa koti, nikamutosha, nikafunga mulango. Nikauliza tena.

"Iko," akasema polepole. "Lakini baba asisikie kwamba ni mimi nilisema."

Munganga akafuta, akaandika dawa ingine. Hakuniangalia.

Kesho yake mukubwa wa kazi akaniita. "Ulifukuza jamaa ya mugonjwa. Kazi yako ni kutafsiri."

"Ningetafsiri nini? Mwenye kuulizwa alikuwa hajasema kitu."

"Ungerudisha jibu la muzee."

Ungerudisha jibu la muzee! Mwanaume mwenye vitabu vyote vile ukutani. Nikamuambia arudishe yeye mwenyewe, na akija kuzika yule mutoto, atafsiri na kilio. Wakanifukuza.

Sasa wameweka kijana mwenye diplôme. Wanawake wananiambia anauliza vizuri, kwa adabu, mbele ya jamaa yote, na wao wanajibu hapana. Hiyo inaniuma kuliko mushahara. Musamaha sikuomba, na sitaomba.

Leo niko na kiwanja hapa Bunia, kule Nyakasanza, nyumba ya matofali yenye vyumba vine, mashini ya kushona, mbuzi sita na kitanda cha mbao ngumu ya libuyu. Kazi sina.