Kisirani cha Pikipiki

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, sikuyaandika niwafurahishe. Shule niliishia darasa la tatu, lakini macho ninayo, na niliyoyaona nyumbani kwangu hapa Likoni yananichukiza hadi leo.

Kitinda mimba wangu, mwanangu wa kiume, ana pikipiki ya kubeba abiria. Alipooa, hata miezi miwili haijatimia, pikipiki ikaanza vituko. Asubuhi anabonyeza kitufe, kimya. Anabonyeza tena, tik, basi. Kiki, ile ya kuwashia kwa mguu, ilivunjika zamani. Adhuhuri, jua likishakolea, inawaka kwa bonyezo moja. Siku nyingine inawaka hata asubuhi, kesho yake inakataa. Abiria wake wa kwenda feri walichoka kumngoja, wakatafuta wengine.

Akaisukuma hadi kwa fundi. Njia yetu ni mashimo matupu. Ilipofika kule, ikawaka papo hapo. Fundi akabadilisha betri, akabadilisha plagi, kisha akacheka: "Kaka, chombo hakina ugonjwa. Labda ugonjwa uko kwako nyumbani."

Upuzi huo ndio mwanangu aliouleta kwangu. Binti yangu mkubwa alikuwa barazani, na tangu siku ya harusi alikuwa akisubiri neno kama hilo.

"Si niliwaambia? Mkeo ana kisirani. Kabla hajaingia hapa, pikipiki ilikuwa ikikataa?"

Mke wa mwanangu alikuwa akipepeta mchele. Akajibu kwa adabu, "Wifi, labda ni haya maji ya kisima inayooshewa. Yamekula sufuria zangu zote."

"Umekuwa fundi leo? Nenda basi kafungue gereji!"

Mwanangu akacheka. Mimi nilinyamaza. Nasema hivyo kwa kuwa ndiyo kweli: nilinyamaza, nikaendelea kutafuna tambuu, kwa sababu moyoni na mimi niliamini kidogo. Jioni ile mwanangu alimrudisha mkewe kwao, kwa mamake, kule Mtongwe, na begi moja, akamwambia akae huko mpaka atakapoamua. Hakuna asiyejua kuamua huko ni talaka.

Asubuhi iliyofuata pikipiki ikakataa. Ya pili ikakataa. Mwenye kisirani yuko Mtongwe, kisirani kimebaki Likoni.

"Basi kuna kitu amekizika," binti yangu akasema.

Nilikuwa ndani nikisali nikasikia jembe. Kutoka nje, naona wanangu wote wawili wanachimba kizingiti changu! Kizingiti nilichokitia saruji kwa mikono yangu mwenyewe. Walikuwa wametoa kijiko chenye kutu na kizibo cha soda, na binti yangu amekishika kile kijiko kwa ncha ya leso kama nyoka.

"Wapumbavu wakubwa!" nikawaambia. "Wewe weka jembe chini. Lete spana, ufungue kiti cha pikipiki."

"Mama, pikipiki waijulia wapi?"

"Tochi naijua. Fungua!"

Tochi za huku kwetu ndivyo zilivyo. Chumvi ikishakula bati la ndani, ukiitikisa inawaka, ukiiweka inazima, mpaka ukwangue kwa kisu. Nikamwambia abonyeze kitufe kila nikimwamrisha, na mimi nikawa nashika waya mmoja mmoja nikiutikisa. Wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Nikafika kwenye waya mweusi mnene, unaotoka kwenye betri na kufungwa kwa nati kwenye chuma cha pikipiki. Ikanguruma. Nikamwambia azime, nikauachia ule waya, akabonyeza. Tik. Nikautikisa tena, ikanguruma.

"Fungua hiyo nati."

Chini yake palikuwa na ukoga wa kijani, umeganda. Kila jioni mwanangu huiosha pikipiki yake hadi chini ya kiti, ing'ae, kwa maji ya kisima yenye chumvi, ambayo hata sabuni haitoi povu. Yule mtoto wa watu alisema hivyo hivyo, akaambiwa akafungue gereji. Nikakwangua kwa kisu changu cha samaki mpaka chuma kikawa cheupe, mwanangu akaikaza nati. Akabonyeza mara kumi, ikawaka mara kumi. Akaja kunikumbatia, nikamsukuma.

"Bado! Kitu cha leo nataka, kesho sitaki, hakiaminiwi kwa siku moja."

Tukangoja asubuhi nne. Zote nne iliwaka.

"Haya, si yamekwisha?" binti yangu akasema, huku anajitia kukunja nguo. "Akisikia atarudi mwenyewe."

"Nitampigia simu," mwanangu akadakia, "nimwambie achukue boda aje."

Wallahi, hapo damu ilinichemka. Mmevunja nyumba ya mtu mbele ya majirani, mnataka kuijenga kwa simu? Nikawasimamisha wote wawili uani, nikawaambia:

"Simu hapigiwi mtu. Wewe na dadako mtakwenda Mtongwe sasa hivi, kwa miguu, watu wawaone. Mtamwomba radhi mbele ya mamake, mtaje kwa vinywa vyenu kwamba ulikuwa waya. Mimi nakuja nyuma yenu, maana nami nina radhi yangu ya kuomba. Na mpaka mtoto wa watu arudi kwa hiari yake, katika nyumba hii jiko haliwashwi."